Mita 22 za alama za matairi: jibu kwa mhandisi anayeitwa kutoa ushahidi

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mhandisi wa barabara hapa Mwanza, huu ni mwaka wa saba tangu nisajiliwe. Wakili mmoja amenifuata kuhusu ajali ya usiku karibu na Kisesa, barabara ya kwenda Musoma. Fuso iliigonga bodaboda kwa nyuma, kijana akafariki, na familia imefungua shauri la fidia. Dereva anasema bodaboda haikuwa na taa na yeye alikuwa spidi 50. Wakili ana picha zilizopigwa kwa simu na mchoro wa polisi unaoonyesha alama za matairi za mita 22. Anataka niandike kwamba dereva alikuwa mwendo kasi na ndiye mwenye kosa. Malipo yangu yatakuwa asilimia 10 ya fidia wakishinda. Ajali ina miezi mitano sasa. Je, sheria inanitambua? Na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, binti yangu.

Nianzie mwisho wa swali lako, maana ndiko kwenye mwiba. Hiyo asilimia 10 ikatae leo, kabla hujafungua hata picha moja. Siku utakayoapishwa, wakili wa upande wa pili hatakuuliza kwanza habari za breki. Atakuuliza, kwa upole kabisa: "Mhandisi, mdai akishinda, wewe unapata shilingi ngapi?" Utajibu nini? Ukitaja kiasi, kila namba iliyomo kwenye ripoti yako inageuka kuwa namba ya mtu anayesubiri mgao. Ukificha, umedanganya chini ya kiapo. Siku hiyo miaka yako saba ya kazi haitakusaidia kitu.

Sisemi ufanye bure. Mkono mtupu haulambwi, na kazi hii ina nauli, vipimo na usiku wa kukesha. Mwandikie wakili bei yako kwa siku au kwa saa, mkubaliane kwa maandishi kwamba utalipwa familia ishinde ishindwe, na ikiwezekana ulipwe ya ripoti kabla ya kupanda kizimbani. Wakili akisema familia haina hela, hiyo ni kweli mara nyingi, basi punguza bei au jitolee waziwazi. Kujitolea hakumchafui shahidi. Kinachomchafua ni kuwa na hisa kwenye hukumu.

Jambo la pili amekuletea kwa mlango wa nyuma: ripoti imeshapata hitimisho kabla haijapata vipimo. "Andika kwamba ndiye mwenye kosa." Binti yangu, kosa ni neno la hakimu. Wewe ni mhandisi, maneno yako ni mwendo, umbali, muda, mwanga, lami, na kile ambacho dereva angeweza kukiona akiwa wapi. Ukishasema "mwenye kosa" umevaa joho lisilo lako, na wakili wa upande wa pili atakuvua mbele za watu.

Kuhusu sheria, hapo usiwe na wasiwasi. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, ile iliyokuja kuchukua nafasi ya sheria ya ushahidi ya India tuliyoirithi kwa Waingereza, kwenye kifungu chake cha 47 iliruhusu mahakama kusikia maoni ya mtu mwenye ujuzi, uzoefu au mafunzo maalumu katika jambo la sayansi au ufundi. Shahidi wa kawaida anasema alichoona na kusikia. Mtaalamu ndiye kwa kawaida anayeruhusiwa kusema anachofikiri, na ndiyo maana anabanwa kuliko wote. Usajili wako wa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, utausema mwanzoni kabisa, na utaonyesha cheti. Lakini jiandae kwa swali hili: umewahi kusanifu barabara, sawa, umewahi kuchunguza ajali ngapi? Kama hii ndiyo ya kwanza, sema ni ya kwanza. Na kumbuka mahakama hailazimiki kufuata maoni yako hata yakiwa mazuri namna gani. Inayapima pamoja na ushahidi mwingine.

Sasa tuje kwenye mita 22, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kanuni unaijua tangu chuo: gari likiburuzika huku magurudumu yamefunga, mwendo wake unapatikana kwa kipeuo cha pili cha 254 mara kipimo cha msuguano, yaani jinsi tairi linavyoshika lami, mara urefu wa alama kwa mita. Chukua 0.7, namba ambayo vitabu vingi vinaipa lami kavu, uzidishe kwa mita 22. Unapata kilomita 63 kwa saa. Mwenye kesi atafurahi sana, kwa sababu ndani ya makazi kikomo ni 50, na hapo umeshampa mwendo kasi wake.

Sasa ngoja. Ile 0.7 ni ya gari dogo. Tairi la lori limetengenezwa kwa mpira mgumu zaidi, na kwenye lami ileile linashika pungufu, mara nyingi robo tatu mpaka asilimia 85 ya tairi la gari dogo. Weka 0.6, unapata 58. Weka 0.55, unapata 55. Weka 0.45, unapata 50 kamili, ile ile aliyoisema dereva. Na kama mvua ilikuwa imenyesha ukaweka 0.4, unapata 47, na dereva yuko ndani ya sheria. Mita 22 ni zilezile. Kilichobadilika ni namba moja ambayo hakuna aliyeipima.

Nakwambia haya kwa sababu yalinikuta. Miaka mingi iliyopita, shauri langu la pili au la tatu, nilipanda kizimbani na 0.7 yangu niliyoitoa kitabuni. Nilikuwa na suti mpya na hesabu safi. Wakili wa upande wa pili, mzee mmoja aliyekuwa akizungumza taratibu kama anayebembeleza mtoto, akaniuliza: "Hii sifuri nukta saba umeipata wapi?" Nikataja kitabu. Akauliza: "Kitabu hicho kimechapwa wapi?" Nikamwambia Marekani. Akanyamaza kidogo, akasema: "Na waliokiandika, walifika Magu kupima?" Watu wakacheka mpaka hakimu akagonga meza. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja, lakini ripoti haikuinuka tena.

Tangu siku ile napima. Njia ya kisasa ni kifaa kinachofungwa ndani ya gari la aina ileile, gari linafunga breki palepale penye ajali, na kifaa kinasoma jinsi mwendo unavyopungua. Ukiweza kukodi Fuso na kuomba trafiki wakusimamishie magari dakika kumi, hiyo ndiyo bora. Usipoweza, kuna njia ya kienyeji yenye heshima yake: kipande cha tairi kinajazwa zege, unakiburuta kwa kamba yenye mizani katikati. Mizani yangu ya kwanza niliiazima kwa muuza sato pale Mwaloni Kirumba, ile ya kuning'iniza. Tairi langu lilikuwa na kilo 20. Katikati ya lami mizani ilisoma 14, maana yake 0.7. Nikasogea pembeni penye vumbi la mchanga uliotoka kwenye bega la barabara, ule ukingo wa pembeni ya lami, ikasoma 11, yaani 0.55. Hatua nne tu ndizo zilizotenganisha namba hizo mbili. Vuta mara nyingi, andika kila namba hata ile isiyokupendeza, piga picha mizani ikiwa inasoma. Kwa lori usisahau bado unatakiwa kupunguza, maana kile kipande ni cha tairi dogo.

Kabla ya yote hayo, hesabu alama. Ni tairi ngapi zilizoandika? Kama ni za nyuma tu, breki za mbele huenda hazikufunga, na huwezi kutumia msuguano wote kana kwamba magurudumu yote yamekamata. Hilo linashusha mwendo uliokokotoa. Kwa upande mwingine kuna mambo yanayoupandisha: gari linaanza kupungua kabla tairi halijaanza kuchora, na kama Fuso iliendelea kuviringika baada ya alama kuisha, basi mita 22 hazikumaliza mwendo wake wote. Kwa hiyo sentensi yako iwe na neno "angalau" na iwe na namba mbili, ya chini na ya juu. Mfano: kwa vipimo nilivyovichukua, na kama magurudumu yote yalifunga, lori lilikuwa na mwendo usiopungua kati ya kilomita 50 na 58 kwa saa alama zilipoanza. Wakili wako atanuna. Mwache anune. Ni afadhali namba mbili zilizosimama kuliko moja iliyopigwa teke.

Na usidhani tofauti ya 50 na 58 ni ndogo kiasi cha kutojalisha. Hebu ikokotoe mbele ya hakimu. Mpe dereva sekunde moja na nusu ya kuona na kuamua, ongeza nusu sekunde ya breki za upepo kukamata, kisha msuguano wa 0.55. Lori la spidi 50 linasimama baada ya mita 46 hivi. Lori la spidi 58 linahitaji 56. Sasa lile la 58, likifika mahali ambapo mwenzake ameshasimama kabisa, bado linakwenda karibu kilomita 38 kwa saa. Mwendesha pikipiki aliyeko hapo, kwa lori la kwanza angeshtuka tu. Hizo ndizo hesabu zinazomsaidia hakimu, na hazimtaji mtu yeyote kuwa mwenye kosa.

Hali ya hewa usiitoe kwenye kumbukumbu za watu. Iombe kwa maandishi Mamlaka ya Hali ya Hewa, wana kituo uwanja wa ndege wa Mwanza. Ila unajua mvua ya ziwa ilivyo: Ilemela watu wanakimbilia vibarazani huku Kisesa vumbi linatimka. Kwa hiyo taarifa ya uwanja wa ndege iambatane na picha za usiku ule. Lami yenye maji inang'aa kwenye mwanga wa taa, hata simu ya bei rahisi inaliona hilo.

Hii kesi inanikumbusha jambo moja lililotokea Marekani. Julai 1993 tairi la gari la familia lilipasuka, gari likapinduka, mtu mmoja akafariki. Familia ikamleta mtaalamu wa matairi aliyesema tairi lilikuwa na dosari ya kiwandani. Ikaonekana hitimisho lake la kwanza lilitoka kwenye picha, na tairi lenyewe alilishika kwa mara ya kwanza asubuhi ya siku aliyokuwa akihojiwa. Shauri hilo, Kumho Tire dhidi ya Carmichael, lilifika Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ile, na mwaka 1999 ikaamua kwamba hakimu ana wajibu wa kumchuja mhandisi na fundi kama anavyomchuja mwanasayansi: njia yako ni ipi, na inaaminika vipi? Uamuzi huo haufungi mahakama zetu. Lakini wewe nawe umepewa picha za simu na mchoro, na unaombwa hitimisho. Unaona ninakokwenda.

Sasa taa. Dereva anasema bodaboda haikuwa na taa. Uliza: taa ipi? Fuso imetokea nyuma, kwa hiyo taa ya mbele ya pikipiki haimhusu sana. Inayotafutwa ni taa ya nyuma, na riflekta. Na hapa kuna kitu kidogo kuliko punje ya mtama ambacho kinaweza kusema zaidi ya mashahidi watatu.

Pikipiki nyingi zetu bado zina balbu ya waya kwenye taa ya nyuma. Ule waya mwembamba wa ndani ukiwa unawaka ni laini kwa joto. Pikipiki ikigongwa kwa nguvu, waya laini unavutika, unapinda, mizunguko yake inaachana kama springi ya kalamu iliyovutwa na mtoto. Ukiwa umezima ni mgumu na mkavu. Ukikatika, unakatika kama kijiti, ncha zake safi zinang'aa. Na kioo cha balbu kikivunjika wakati waya unawaka, hewa inaingia na waya unaungua, unaacha unga mweupe au wa njano na weusi kwenye vishikio. Utahitaji kioo cha kukuzia na mwanga mzuri, basi. Usiahidi zaidi ya hapo: waya usio na badiliko lolote hauthibitishi kwamba taa ilikuwa imezimwa, huenda mshtuko haukuwafikia. Na kama ni taa za LED, hazina waya wa kukuambia chochote kwa njia hii.

Ila fanya haraka, na usiruhusu mtu aguse swichi. Niliwahi kufika kwenye yadi moja kukagua pikipiki iliyokaa chini ya mwembe wiki tatu. Kioo cha balbu ya nyuma kilikuwa na ufa, waya ndani mzima. Kabla sijavua hata kofia, kijana mmoja aliyetumwa kunisaidia akaunganisha betri "tuone kama inawaka, mzee". Ikawaka sekunde mbili, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Alikuwa na nia njema kabisa. Balbu ile tangu pale ilionekana kama balbu iliyovunjika ikiwa inawaka, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza tena kujua ilikuwaje usiku wa ajali. Nikaandika yote kwenye ripoti, pamoja na moshi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza asubuhi ya Jumatatu ni kumwomba wakili atafute pikipiki iko wapi. Miezi mitano ni mingi. Huenda ipo yadi ya kituo, huenda ndugu walishaichukua, huenda imeshauzwa spea. Ukiipata, balbu ikae kwenye kikopo chenye pamba, kiandikwe tarehe na jina la aliyeitoa, na kila anayeipokea asaini. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja tu, balbu yako inakuwa balbu yoyote ya dukani.

Kuna vitu vingine ambavyo tayari vimekwenda, usijisumbue navyo sana. Kamera za kituo cha mafuta au duka hujirekodia juu ya picha za zamani, hivyo kwa miezi mitano usitarajie. Magari mengine mapya huhifadhi, kwenye kompyuta ya mifuko ya hewa, sekunde chache za mwendo kabla ya mgongano. Fuso kuukuu haina. Kifaa cha kufuatilia mwendo ambacho LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, inakitumia kwenye mabasi hutakikuta kwenye lori la mchanga, ila muulize mwenye gari kama alikuwa na kifaa chake cha kulilinda na wizi. Wenye magari wengi wanavyo, na vinatunza spidi. Zile picha za simu zitafutwe kwa mwenyewe aliyezipiga, zikiwa kwenye simu, siyo zilizosambazwa mara kumi kwenye makundi mpaka zimepoteza saa na tarehe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaupokea ushahidi wa namna hiyo, lakini mahakama itataka kujua ulitunzwaje. Hilo wakili wako analijua, au anatakiwa alijue.

Nimeacha la muhimu kuliko yote likae peke yake: barabara yenyewe.

Watu wa Mwanza hatuhitaji kufundishwa kwamba chombo hakiui peke yake. Tulizika watu wa MV Bukoba, Mei 21, 1996. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ikaangukia ziwani pale Bukoba, watu 19 wakapoteza maisha. Katika uchunguzi wa ndege kuna kanuni ya kimataifa inayosema lengo pekee ni kuzuia ajali nyingine, siyo kugawa lawama. Barabarani kwa kawaida tunaanzia kwingine. Askari anafika, anapima, anachora, na swali linalomngoja ni nani ashtakiwe. Mchoro wake una magari mawili, mshale na alama. Mara nyingi hauna tuta, hauna kibao, hauna kimo cha bega la barabara. Simlaumu, hiyo siyo kazi aliyotumwa. Ni kazi yako.

Basi nenda Kisesa saa ileile ya ajali, na uchague usiku wenye mbalamwezi inayofanana na ule. Usiende peke yako, vaeni fulana za kung'aa, na kaka yako mmoja asimame nyuma akiwa na taa. Piga hatua mita 100 kabla ya eneo, kwa upande aliotokea Fuso, uje ukiangalia. Kuna tuta? Limepakwa rangi? Kibao cha kulitangaza kipo, kinaakisi mwanga au kimeoza kuwa bati jeusi? Kwa nini kijana alikuwa kwenye njia ya magari badala ya pembeni? Shika futi, upime bega limeshuka kiasi gani chini ya lami. Nimewahi kukuta limeshuka sentimita 15, ukingo umeliwa na mvua kama mkate uliong'atwa. Mwendesha bodaboda mwenye akili hakaribii ukingo wa namna hiyo usiku, atakaa ndani ya lami hata lori likimpigia honi. Kuna maroli yanalala pembeni hapo? Kuna taa za barabarani, na usiku ule ziliwaka? Kisha linganisha na mwongozo wa usanifu wa barabara wa wizara wa mwaka 2011, umbali wa kuona unaotakiwa kwa mwendo wa barabara ile, halafu pima umbali uliopo. Dereva wa spidi 50 anahitaji zile mita 46. Je, anazo?

Ukikuta barabara ina lake la kujibu, liandike hata kama wakili hakukuuliza. Huenda halimsaidii, kwa sababu yeye amemshtaki mwenye lori na bima yake. Na kama familia itaamua kuiunganisha taasisi ya serikali, kuna notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na madai ya aina hii yana miaka mitatu tu tangu tukio. Kalenda hiyo ni ya wakili, lakini mkumbushe. Ripoti yako ikitoka mwezi wa 34 tangu ajali, wakati siku 90 za notisi hazitoshi tena, na kusema tuta ndilo lenye shida, utakuwa umesema kweli ambayo haina mlango wa kuingilia.

Na hapa nina swali la kukuuliza wewe. Je, ofisi yako, au wewe mwenyewe, mmewahi kufanya kazi kwenye kipande hicho cha barabara? Usanifu, usimamizi, hata upimaji wa magari wa wiki moja? Kama ndiyo, mwambie wakili kabla ya kitu chochote, na pengine ujitoe. Mwanza ni mji mdogo kwa wahandisi, sote tumekula kwenye meza moja. Upande wa pili watajua.

Kuhusu siku yenyewe mahakamani sitasema mengi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili, na hiyo inatusumbua sisi tuliosomea haya mambo kwa Kiingereza. Jifunze kuyasema nyumbani kwanza. Mimi msuguano naueleza kwa gunia: Mheshimiwa, gunia la kilo 100 ukiliburuta juu ya lami hii, utatumia nguvu sawa na ya kuinua kilo 70, juu ya mchanga ule wa pembeni, kilo 55. Hakuna hakimu ambaye hajawahi kuona gunia. Jibu ulichoulizwa, mtazame hakimu badala ya wakili, na ukiulizwa jambo lililo nje ya fani yako, kama kijana alifariki papo hapo au baadaye, sema hilo ni la daktari. Wakati wa maswali ya dodoso, yale ya wakili wa upande wa pili, utaletewa picha usiyoiona. Omba muda uiangalie. Ikibadilisha maoni yako, sema imebadilisha.

Kumbuka pia hili ni shauri la madai. Hakimu anaangalia upande upi una uzito zaidi, tofauti na kesi ya jinai ambako shaka yoyote ya maana inamwokoa mshtakiwa. Kwa hiyo namba zako mbili, 50 na 58, zinaweza kutosha huku na zisitoshe kule, kwa ushahidi uleule. Usijaribu kuzinyoosha ili zitoshe kote.

Nijibu mambo matatu ukishatoka Kisesa: alama za kwenye picha ni za matairi mangapi, pikipiki iko wapi, na bega la barabara limeshuka sentimita ngapi. Mizani ya sato bado ninayo, mwenyewe alishaacha kuidai. Pita uichukue.